Siku Tuliyokwenda Tamashani

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Wasomaji wapendwa, miaka miwili iliyopita binti yangu mkubwa aliniomba ruhusa ya kwenda Malindi kutazama tamasha la barabarani la mwisho wa mwaka. Nilimkatalia kwa neno moja, nikaona nimetimiza wajibu wangu. Akaaga kwamba anakwenda kulala kwa khalati yake, akapanda bodaboda na wenzake, akarudi alfajiri. Nilipopata habari, kilichoniuma zaidi ni ule uongo.

Mwaka huu wadogo zake walipoanza kuuliza, mama yao aliniambia kwa upole, "Baba watoto, wakienda peke yao, barabara ndiyo itakayowafunza. Twende nao."

Nilinyamaza siku mbili. Nikakumbuka kisa walichokipokea Bukhari na Muslim: siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini, na Mtume (s.a.w.) akasimama akimsitiri Bibi Aisha (r.a.) kwa shuka yake huku akitazama, mpaka alipotosheka mwenyewe. Kisa hicho nimekisomesha miaka mingi. Sikuwahi kujiuliza mimi nimesimama na nani.

Tulitoka Adu asubuhi kwa matatu. Tulipovuka daraja la Sabaki watoto walikuwa wameshachoka kuuliza kama tumefika. Malindi ni mji uliozoea wageni. Mwaka 1415 twiga aliyetoka huko alifikishwa kwa mfalme wa Uchina, na mwaka 1498 Sultani wake alimpokea Vasco da Gama, ambaye mnara wake ungali ufuoni. Siku hizi Waitaliano ni wengi, na mtaa ule ulikuwa umevaa sura yao: pizza, aiskrimu, magitaa, na barakoa za rangi mfano wa zile za kanivali ya Venice.

Mwanangu wa miaka tisa alivutwa na harufu ya pizza. Nikamwambia aulize mwenyewe nyama ile ni ya nini. Muuzaji, kijana wa Kigiriama, akamjibu kwa uungwana kwamba hiyo ni ya nguruwe, lakini iko ya jibini na nyanya tupu. Mtoto akauliza, "Na kisu ni kimoja?" Muuzaji akacheka, akaenda kutafuta kisu kingine. Tukala ya jibini, nami sikuhitaji kutoa hotuba.

Karibu na alasiri nilimwona mwanafunzi wangu wa madrasa, barakoa ya dhahabu ikiwa juu ya paji la uso wake. Aliponiona aliishusha haraka, akajificha nyuma ya kibanda cha viazi karai. Kijana huyu amehifadhi juzuu tano mbele yangu. Niliona haya, na haya ile ilikuwa yangu mimi. Je, anamcha Mola wake, au ananiogopa mimi tu? Na mahali nisipokuwepo, atabaki na nini?

Nikamwita kwa jina lake. Akaja, akaubusu mkono wangu bila kuinua macho. "Maalim, nisamehe."

Nikamwuliza kama amekula. Swali hilo hakulitarajia. Nikamnunulia viazi, na adhana ilipoadhiniwa tukaenda naye msikitini. Yeye ndiye aliyemshika mkono mwanangu kuvuka barabara.

Jua lilipoinama, chupa za pombe zikaanza kupangwa mezani. Nikasema, "Sasa basi." Hakuna aliyebisha. Walikuwa wamekwisha kutosheka.

Katika matatu ya kurudi, binti yangu mkubwa alikaa kando yangu. Giza lilipoanza kuingia akasema polepole, "Abba, usiku ule nilikuwa na hofu mpaka asubuhi." Hajapata kulizungumza jambo hilo tangu siku ile. Nikamwambia kwamba mimi pia nina hofu tangu hapo.

Ndugu wazazi, la haramu halihalalishwi kwa kuandamana na baba, na ziko shughuli ambazo jibu lake ni hapana. Lakini hapana hiyo na isemwe na mtu ambaye mtoto anaweza kumrudia. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe karibu na wanetu, na wao wawe karibu naye. Amin.

Wabillahi tawfiq.