Safari ya Wote: Jinsi Makueni Inavyogawa Fedha Zake
Msafiri aondokaye Machakos kwenda Wote hupita kwanza Katumani, penye kituo cha utafiti ambacho jina lake lilipewa mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi. Kisha hupita Kola na Ukia, akizidi kushuka mpaka joto limpokee. Vilimani yako matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Bondeni iko mito ya mchanga mtupu, ambayo wakati wa kiangazi maji yake hupatikana kwa kuchimba. Katika nchi ya namna hii bwawa si jambo dogo, wala si dogo swali la nani atakayelilipia.

Swali hilo ni la zamani. Mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa katika Kenya mwaka 1924 yalitoza kodi yao wenyewe, wakajengewa watu shule, zahanati na njia. Tangu mwaka 1913 mpaka 2013 mambo mengi yamebadilika, na sasa kazi hiyo ni ya kaunti 47, ambazo Makueni ni mojawapo, na Wote ndio makao yake makuu.

Kaunti ina mifuko miwili. Wa kwanza hujazwa na Hazina ya Nairobi, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imeamuru kaunti zote zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wa pili hujazwa papo hapo: ushuru wa soko, leseni za maduka, kodi ya viwanja. Mama auzaye pojo sokoni Wote huutia mfuko huo senti zake; lakini ukweli usemwe, ule wa Nairobi ndio mzito. Kukopa nako si rahisi, maana kaunti haikopi bila dhamana ya serikali ya taifa na idhini ya bunge lake.

Fedha hizo nusura ziivunje nyumba. Mwaka 2014 Gavana Kivutha Kibwana na wabunge wa kaunti waligombania bajeti, hata mwezi wa Septemba risasi zikalia Wote. Tume ya uchunguzi ilishauri serikali ya kaunti ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa.

Utaratibu uliopata sifa baadaye ni huu. Mkutano huanzia kijijini, wakazi wakataja walitakalo, bwawa au zahanati, na wajumbe wao hulipeleka ngazi kwa ngazi mpaka wadi na kaunti. Kazi ianzapo, kamati ya wakazi huikagua, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo iridhike. Karani yeyote asomaye haya ajua jinsi sahihi moja ya ofisini iwezavyo kulipia ukuta usiokuwapo.

Mwaka 2018 hospitali ya kina mama na watoto ilifunguliwa Wote. Huko Kalamba kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika maembe, ili mkulima asilazimike kumwuzia mchuuzi kwa bei yoyote atajiwayo shambani. Lakini maembe ni ya msimu, na kiwanda hutaka kutunzwa mwaka mzima. Basi wakulima wa huko wana haki ya kudai hesabu zake mkutanoni, kama wadaivyo za bwawa.