Kalsiamu ya Mama Mkubwa

Mwaka 1883, jijini London, daktari Sydney Ringer aligundua kwamba mioyo ya vyura aliyokuwa akiichunguza ilidunda vizuri kwa sababu mchanganyiko wake ulitengenezwa kwa maji ya bomba. Yalipotumika maji yasiyo na madini, ikachoka. Tofauti ilikuwa kalsiamu. Nalipenda sana bomba lile.

Ateri nazo hukaza kwa kalsiamu: inapenya kwenye seli za misuli ya ukuta, njia ya damu inakuwa nyembamba. Amlodipini, kidonge cha presha, hufunga vijilango inamopitia. Ila umri ukisogea kalsiamu inaingia kazi ya pili: inaganda ukutani kama chokaa ndani ya birika, huku nyuzi za kuvutika zikikatika. Ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu ya presha inapanda, ya chini inashuka. Kidonge hulegeza misuli, na hilo linasaidia kweli, chokaa hakiigusi.

Mama mkubwa, pale Nsemulwa, alisikia “dawa ya kuzuia kalsiamu” akaacha maziwa na dagaa wa Tanganyika. Nikampigia.

“Sasa hiyo chokaa si ndiyo inatoka kwenye dagaa?”

Swali zito kuliko mengi ninayosikia kwenye mikutano ya waandishi. Nikamwambia dagaa hawana kesi hapo. Tena mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula, unaichota mifupani.

Akanyamaza. Dada yake alivunjika nyonga kwa kujikwaa tu mlangoni.

“Haya, nitawakaanga.”

Tukabaki kubishana kuhusu chumvi mpaka salio likaisha.