Dirisha Lisilo na Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia. Neno hilo lilisemwa juu ya binadamu, lakini siku hizi limekuwa kweli kwa kompyuta pia. Ndani ya mashine hiyo programu nyingi hukaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja, na kila moja ina dirisha lake juu ya kioo. Imezuka kazi ya kuituma programu moja ilitazame dirisha la nyingine, ilipige picha, iisome picha hiyo, kisha ibonyeze vitufe kwa niaba ya mtu. Kazi hii ina manufaa. Ina hatari vilevile. Na adabu yake ni kubisha hodi.

Manufaa yatangulie. Fikiri karani ambaye kila siku hunakili hesabu kutoka programu kuukuu na kuzitia katika programu mpya. Ile kuukuu haikuachiwa mlango na walioiunda, ambao programu nyingine ingeweza kupitia kuomba hesabu hizo. Ina dirisha tu, na asiyepata mlango hana budi kuchungulia. Mwaka 2009 watafiti wa MIT, huko Marekani, walitoa chombo kiitwacho Sikuli, neno la Wahuichol wa Meksiko lenye maana ya jicho la Mungu. Chombo hicho hakikuhitaji kujua jina la kitufe. Kilipewa picha ya kitufe, kikakitafuta juu ya kioo, kikakibonyeza. Karani apatae msaada wa namna hii hupumzisha macho yake, na saa zake humrudia.

Jicho hilo, hata hivyo, ni la kiumbe. Kioo chenye safu 1,080 za nukta 1,920 kila moja kina nukta 2,073,600, na picha yake si kitu zaidi ya rangi za nukta hizo. Njia ya kwanza ya kuipata ni kunakili nukta zilizo juu ya kioo. Ni njia nyepesi, lakini huchukua kilicho mbele tu: barua ikijitokeza ghafula juu ya dirisha linalotakiwa, barua ndiyo itakayopigwa picha. Njia ya pili ni kuliomba dirisha lenyewe lijichore upya katika karatasi ya mwombaji. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta ombi hilo. Lakini baadhi ya programu, hasa zichorazo kwa nguvu ya kadi ya picha, huenda zikarudisha karatasi nyeusi. Njia ya tatu ni kumwendea msimamizi. Katika Windows Vista, iliyouzwa kwa watu wote mwaka 2007, kila dirisha liliweza kuchora katika karatasi yake pembeni, na msimamizi akaziunganisha karatasi zote kuwa sura moja ya kioo. Hivyo dirisha lililofunikwa na jingine laweza kuonekana lote. Lililokunjwa kabisa, aghalabu, halina cha kuonyesha.

Hapa ndipo penye jambo zito. Mtu akitazama ukuta mweusi hujua kuwa haoni, akasita. Programu haisiti ila imefundishwa kusita. Ikipewa picha ya jana, au picha nyeusi, au picha iliyokuzwa kupita kipimo ilichozoea, yaweza kubonyeza mahali pasipo pake kwa utiifu ule ule. Malipo yaweza kumfikia asiyestahili, na kosa likarudiwa mara mia kabla karani hajamaliza chai yake. Nyumba njema si mlango, wala ukweli wa hesabu si sura ya dirisha lake.

Tena kuna siri. Picha haichagui: huchukua kitufe kinachotafutwa pamoja na jina la mgonjwa au mshahara wa mfanyakazi ulio kando yake. Katika mfumo wa X, ulioanzishwa MIT mwaka 1984, programu iliyokaribishwa kwenye kioo iliweza kusoma madirisha ya jirani zake bila kuuliza. Uhuru huo ulifaa katika ujirani wa watu waliojuana. Haukufaa siku nyumba ilipojaa wageni. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza Wayland, ambamo programu hainyang'anyi picha ya dirisha la nyingine, bali huomba. Mwaka 2018 Windows 10 ilileta njia ambayo mtu mwenyewe alichagua dirisha la kupigwa picha, na mstari wa manjano ukalizunguka ili ajue kuwa linatazamwa. Mwaka 2019 macOS Catalina nayo ikadai ruhusa. Pazia ambalo macho hayakuwa nalo likatundikwa.

Pazia hilo lilileta udhia. Vyombo vingi vya zamani vilikwama, na watu waliovitegemea kwa haki walinung'unika. Lakini hodi si kufuli. Humzuia mwizi kwa kuwa humlazimu kujitaja. Mgeni mwema hapotezi kwayo ila dakika moja. Basi fundi wa kazi hii ana mambo matatu ya kushika: aombe kabla ya kutazama, achukue kipande kinachohitajiwa na kuacha kilichobaki, na akifundishe chombo chake kusimama kisipoona. Chombo chenye adabu hiyo ni mtumishi; kisicho nayo ni jicho tu, na jicho peke yake halijapata kumtumikia mtu kwa uaminifu.