Juma Moja la Mtoto Wetu Masomoni



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mambo mawili ambayo mara nyingi tunayatenganisha. La kwanza ni mafundisho ambayo mtoto anapata katika kalasi kila juma. La pili ni ulinzi wake: mwili wake, akili yake na roho yake. Wengi wanasema kwamba mafundisho ni kazi ya mwalimu, ulinzi ni kazi ya mzazi na ya polisi. Mimi ninaingia kila juma katika shule yetu ya msingi ya Kiprotestanti hapa Kolwezi kufundisha somo la dini, na ninaona kwamba mambo haya mawili hayawezi kuachana. Twende pamoja siku kwa siku, nawe utaona.

Siku ya kwanza

Saa moja na nusu chuma kinagongwa. Watoto wanajipanga, bendera inapanda, tunaomba, wanaingia. Mwalimu anafungua kitabu cha majina na kuita mmoja mmoja. Wazazi wengine wanadhani kazi hii ni ya kupoteza wakati. Mimi nawaambia: kitabu kile ni mlinzi wa kwanza wa mtoto wako.

Sikia namna gani. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure. Jambo hilo lilianza kutendeka kweli katika mwezi wa Septemba 2019. Tulimshukuru Mungu, maana watoto wengi waliokuwa wakifukuzwa kwa sababu ya minervali walirudi. Lakini kalasi zilijaa. Mahali pa watoto wawili katika dawati sasa wanaketi wanne. Katika umati kama huo mtoto mmoja akikosa, macho ya mwalimu hayawezi kuona. Kitabu kitaona.

Mwalimu akiacha kuita majina, mambo yanakuwa hivi: mama anafikiri mtoto yuko masomoni, mwalimu anafikiri mtoto ni mgonjwa nyumbani, na mtoto mwenyewe yuko mtoni anasafisha mawe ya kobalti. Watu wazima wawili wana amani moyoni, na hakuna hata mmoja anayejua mtoto yuko wapi.

Siku ya pili

Siku hii watoto wanasoma na kuhesabu. Katika miaka ya kwanza mwalimu anawafundisha katika Kiswahili chetu, kisha Kifaransa kinaingia pole pole. Usidharau herufi zile ndogo. Mtoto anayejua kusoma anaweza kusoma neno la hatari kwenye kabini ya umeme. Mtoto anayejua kilo na nusu kilo hadanganywi kwenye mizani, wala leo sokoni, wala kesho atakapokuwa mtu mzima.

Tena siku hii mwalimu wetu wa mwaka wa nne anaongeza somo la njia. Ninyi mnajua barabara yetu inayotoka hapa kwenda Likasi na Lubumbashi. Kamyo za madini na za asidi zinapita usiku na mchana. Katika mwezi wa Februari 2019, kwenye kijiji cha Kabwe, kamyo iliyobeba asidi iligongana na basi, na watu karibu 20 walikufa, wengine kwa kuchomwa na ile asidi. Ndiyo sababu mwalimu anawarudilisha watoto maneno haya mpaka wayajue kwa moyo: katika Kongo motokari zinapita upande wa kuume, basi wewe mtoto utembee upande wa kushoto, ili uone kamyo inayokuja mbele ya uso wako. Usivuke bila kushikana mkono na mkubwa. Na kamyo ikianguka, usikimbilie kuokota kitu. Kimbia mbali, hata kama wakubwa wanakimbilia kule. Maji yanayotoka chini ya kamyo pengine si maji.

Mzazi, rudilia maneno haya nyumbani. Somo la njia halimalizike kwenye ubao.

Siku ya tatu

Hii ndiyo siku yangu. Mwaka jana nilifundisha kutoka kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Kuna sheria pale juu ya mtu anayechimba shimo na kuliacha wazi. Mnyama wa jirani akitumbukia na kufa, mwenye shimo atalipa. Tena katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na kuleta hatia ya damu katika nyumba ile. Niliwaambia watoto: oneni, Mungu wetu anajishughulisha hata na shimo na ukingo. Hangoji mtu aanguke ndipo ahurumie.

Mtoto mmoja mwanaume akainua kidole. Akasema: "Pasta, na kama mwenye shimo ni baba?"

Kalasi yote ikanyamaza. Wengi wao walijua anasema nini. Katika mwaka wa 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, walianza kuchimba ndani ya parsele zao wenyewe, maana madini yalionekana chini ya nyumba. Wengine walichimba karibu na jiko, wengine hata ndani ya chumba. Tangu wakati ule, shimo katika parsele si jambo la kushangaza kwetu, na hilo ndilo baya lenyewe. Kitu cha hatari tukikizoea, hatukioni tena.

Nilimjibu yule mtoto: "Hata kama ni baba. Sheria haikuuliza jina la mwenye shimo." Kisha siku ya posho, mimi na mzee mmoja wa kanisa tulikwenda kumtembelea yule baba. Hatukwenda kumhukumu. Tulikuta shimo nyuma ya nyumba, bila mfuniko, na watoto wadogo wakicheza mpira wa matambara karibu nalo. Baba akatuambia wazi: "Pasta, ile feza ya majiwe njo tunakulaka." Ni kweli. Mtu ambaye hana kazi, huwezi kumwambia maneno matupu na kuondoka. Tulizungumza muda mrefu. Hakukubali kuacha kuchimba. Lakini alikubali mambo matatu: kufunika shimo kwa mbao nzito kila anapotoka, kuzungusha miti kando yake, na watoto wasishuke ndani wala wasilale katika chumba chenye magunia ya mawe, maana vumbi la kobalti linaweza kuharibu mapafu. Siku ile ile tulishika nyundo pamoja naye. Si ushindi wote. Lakini shimo lile sasa limefunikwa.

Wewe unayesoma, je, katika parsele yako kuna shimo gani? Pengine si la madini. Pengine ni kisima cha zamani, au choo ambacho mbao zake zimeoza. Angalia leo.

Siku ya ine

Tukifungua kitabu cha majina, tunaona kwamba kukosa kuna siku zake. Mvua ikinyesha watoto wanakosa popote. Lakini mtoto anayekosa kila siku ya ine, mwaka mzima, hana malaria ya siku ya ine. Direkta wetu alifuata jina la binti mmoja namna hiyo. Nilipomwuliza binti kwa upole, alijibu: "Mama alinituma tusafishe majiwe ku mutoni."

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumtumikisha katika kazi mbaya zinazomwumiza. Kusimama katika maji siku nzima na kubeba magunia ni kazi ya namna hiyo. Mzazi asiseme, "Anajifunza kazi." Mtoto anajifunza kazi akisaidia kupika na kufagia kisha anakwenda kusoma. Mtoni hajifunzi, anamalizika.

Lakini Kanisa nalo lijiulize. Masomo ni ya bure, kweli, lakini kaye, biki, viatu na nguo ya buluu na nyeupe vinanunuliwa. Na tumbo la mtoto halishibi kwa neno "bure". Mama yule alikuwa akitafuta feza ya kaye na ya unga. Basi akina mama wa kanisa walianza kuweka sanduku ndogo. Kila mwezi anayeweza anatia franka kidogo. Si feza nyingi, lakini watoto wanaojulikana kuwa na shida wanapata kaye na biki, na siku ya ine wanapewa uji saa nne. Mnaona kwa nini walichagua siku ile. Binti yule sasa anaitika jina lake.

Siku ya tano

Siku ya tano kuna intero. Watoto wanaulizwa yale waliyojifunza katika juma. Mimi naomba kwamba siku hii sisi wakubwa pia tuulizwe, na swali ni hili: je, mtoto ana salama ndani ya shule yenyewe?

Ni swali gumu, na katika makanisa mengi hatupendi kuliuliza. Tunasema, shule yetu ni ya Kikristo, walimu wetu wanaimba kwaya. Ndugu, kuimba kwaya si ukingo wa dari. Serikali ilichukua shule za makanisa katika mwaka wa 1974, kisha kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 makanisa yakapewa tena kuziongoza. Basi tusiseme kwamba walimu ni wa Serikali tu. Jina la Kanisa limeandikwa juu ya mlango.

Niliketi siku moja katika baraza la wazee, mahali nisipotaja. Mwalimu mmoja alikuwa amemwita mwanafunzi mwanamke nyumbani kwake mara nyingi, akisema anamsaidia hesabu, na akamharibu. Wengine katika baraza walitaka mambo yamalizike kimya: mbuzi, feza kidogo kwa familia, na mwalimu ahamishwe. Walisema, tusichafue jina la Kanisa. Mama wa binti alikataa mbuzi. Alisema anataka neno liende mbele ya sheria. Watu walimkasirikia, hata jamaa zake. Mimi nilimsindikiza mpaka kwa polisi, tukangoja tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya namna hii ni kali, na mahali pa makosa haya ni mahakamani, si chini ya mwembe. Kumhamisha mwalimu kama huyo ni kuchukua shimo hapa na kulifungua katika kijiji kingine.

Katika shule yetu tuliandika sheria ndogo na kuibandika mlangoni, kwa Kiswahili, ili kila mzazi aisome. Hakuna mtoto anayetumwa nyumbani kwa mwalimu. Hakuna mtoto anayebaki peke yake na mkubwa katika kalasi iliyofungwa. Fimbo haipigi mwili wa mtoto. Vyoo vya wanawake viko mbali na vya wanaume na vina mlango unaofungwa kwa ndani. Na mtoto akiwa na neno zito, kuna mama mmoja wa kanisa aliyechaguliwa kulisikiliza.

Vijana, hapa nasema na ninyi. Rafiki yako akikuambia jambo la haya lililompata, usicheke, wala usilitangaze katika kartie. Mwende pamoja kwa mtu mkubwa mnayemwamini. Na ninyi mnaosoma sekondari, asubuhi mpite mkichukua wadogo wa njia yenu. Mkubwa mmoja na wadogo watatu wakitembea pamoja, njia inakuwa fupi.

Siku ya posho

Siku ya mwisho watoto wanarudi nyumbani na kaye zao. Mzazi, fungua kaye. Huenda hujui kusoma; haizuii. Angalia kama kuna ukurasa wa kila siku ya juma, na kama wino mwekundu wa mwalimu uko pale. Ukiona siku moja haina kitu, uliza kwa upole: "Siku ile ulikuwa wapi?" Kisha nyamaza, umwache aseme yote. Mtoto anayepigwa kwa sababu ya kusema kweli atajifunza kusema uongo, na uongo wake ndio utakaomwua siku moja chini ya udongo.

Bwana Yesu aliwakasirikia wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimkaribie, akawakumbatia na kuwabariki. Mtoto aliweza kumfikia kwa sababu njia ilikuwa wazi na salama. Kazi yetu ni kuitunza njia hiyo, kutoka mlango wa nyumba mpaka dawati.

Siku ya Mungu inayokuja, baada ya ibada, mwulize mwalimu wa mtoto wako neno moja tu: "Juma lililopita, mtoto wangu alikosa siku ngapi?" Jibu lake litakuonyesha mahali pa kuanza. Bwana awalinde watoto wetu, na atupe macho ya kuwaona.