Kitonga haijali una gari gani

Msomaji, ukitoka Dar ukaiacha Mikumi, halafu mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, Kitonga inakusubiri. Mimi niliivaa na Toyota MR2, viti viwili, muziki juu, nawahi send-off ya dada Iringa. Katikati ya mlima geji ikagonga juu, mvuke ukafumuka mgongoni.

Nikaurukia mfuniko wa maji. Dereva mmoja wa lori akanidaka mkono.

"We kijana, unataka kubabuka uso?"

"Shikamoo mzee," ndiyo niliyoweza.

Tukakaa juu ya jiwe mpaka injini ipoe, malori yakijikongoja kandokando ya korongo.

Gari ile injini ipo nyuma, rejeta mbele. Maji hupita kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Mpira mmoja ulichanika mdomoni. Mzee akakata palipochanika, akakaza klempu, akajaza maji polepole, hita imefunguliwa hadi mwisho.

"Hewa ikibaki ndani, itachemsha tena."

Ule mpira niliuona unavuja tangu Dar. Pesa yake nikanunulia shati jeupe la sherehe.

Nilifika keki imeshaliwa. Dada kanuna, na shati limekuwa la gereji.