Chini ya Bomba Kuna Nani?

Wanachuo wenzangu, kwetu Akheri ukishasoma uhandisi jina lako la nyumbani linasahaulika. Nilipopata nafasi ya chuo tu, kabla hata sijakanyaga darasani, nikawa "injinia". Akina mama wanaoshuka na ndizi sokoni Tengeru, Jumatano na Jumamosi, waliniita injinia. Konda wa daladala naye, injinia. Redio ya jirani ikigoma, anaitwa injinia, ingawa mimi nilikuwa nasoma uhandisi wa maji.

Jina lile lilinipendeza, nisiseme uongo. Tatizo ni kwamba kisheria halikuwa langu. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 haina kona: kama hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, huruhusiwi kufanya kazi za kihandisi wala kujiita mhandisi. Ukimaliza shahada unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu unafanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu mpaka ukomae. Bodi ina mpango wake wa mafunzo hayo, SEAP, ulioanza mwaka 2003, nao ni wa miaka mitatu. Haya yote nilifundishwa. Nadhani hata kwenye mtihani yalitoka, nikayapata. Lakini kujua kitu kwa ajili ya mtihani na kukijua kwa ajili ya maisha ni mambo mawili.

Nilirudi nyumbani baada ya mwaka wa nne na cheti kwenye bahasha ya kaki. Nikaanza kutuma maombi. Matangazo yote yalikuwa na wimbo mmoja: uzoefu wa miaka mitatu, na uwezo wa kuongoza. Uzoefu nitautoa wapi, na nitamwongoza nani, wakati sijaajiriwa? Nikafanya kama wengi wetu tunavyofanya, nikaenda kujitolea katika ofisi moja mjini. Miezi minne. Nilitoa kopi, nilichemsha chai, nilipeleka barua masjala. Saiti nilikwenda mara moja, tena kwa sababu gari lilikuwa na nafasi. Hakuna mtu aliyeniambia nimekosea chochote, kwa kuwa hakuna aliyenipa kitu cha kukosea.

Nauli yangu ya kila siku ilitoka kwa dada yangu. Yeye ni fundi cherehani pale Usa River, na ndiye aliyeziba ada pale mkopo ulipoishia. Jioni moja akaniuliza huku anakata uzi: "Mdogo wangu, mimi kujitolea sikatai. Ila hebu niambie, unajitolea kwa nani, na unajifunza nini?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata sikurudi ofisini.

Hapo ndipo kamati ya maji ya kitongoji chetu iliponifuata. Katibu wao alikuwa amehama, wakasema, injinia yupo nyumbani tu, awe yeye. Hakuna mshahara, hakuna posho, kuna daftari la mahudhurio na ufunguo wa tangi. Nikakubali haraka. Moyoni nilikuwa nimeshaandika kwenye CV: uongozi, kujitolea, mradi wa maji.

Mradi wenyewe ni mdogo. Kuna chemchemi juu, bomba, tangi la lita 10,000, na vituo vitatu vya kuchotea. Asubuhi foleni ya ndoo inafika barabarani, saa nane mchana tangi limekauka. Siku ya kwanza nilipanda na ndoo ya lita 20 na simu ya kupimia muda. Ndoo ilijaa kwa sekunde 25. Hiyo ni lita 0.8 kwa sekunde, yaani zaidi ya lita 69,000 kwa siku. Nikakaa chini, nikapiga hesabu ya usiku. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi zinaingia lita 28,800, na watu wamelala. Tangi linajaa kwa saa tatu na nusu tu. Zinazobaki, lita 18,800, zinatoka kwenye bomba la kufurikia na kwenda zake bondeni.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Kwenye mkutano nikasimama na kusema: maji yapo, yanapotea usiku. Tukiongeza matangi mawili ya lita 5,000, foleni itapungua. Watu wakapiga makofi, wakachanga, wengine kwa shida kabisa. Mama mweka hazina aliniuliza swali moja tu: "Na hayo yanayotoka usiku, huwa yanaenda wapi?" Nikamjibu kwamba yanaenda bure. Kisha, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikaandika kwenye muhtasari kuwa mtaalamu amethibitisha hakuna atakayeathirika. Nikatia sahihi, na mbele ya jina langu nikaweka "Inj."

Matangi yakafungwa. Foleni kweli ikapungua, na kwa wiki tatu nilikuwa mtu mkubwa.

Wiki ya nne, kabla hapajakucha vizuri, mzee mmoja kutoka kitongoji cha chini alikuja nyumbani. Nikampa shikamoo, akaitika, akakataa kuketi. Akasema taratibu, "Kijana wangu, maji uliyosema yanapotea, yalikuwa yanakuja kwangu."

Nilishuka naye. Bomba la kufurikia linamwaga kwenye mfereji mwembamba unaopita kwenye migomba, unavuka kijia, unaishia kwenye vitalu vya mboga. Ninyi mliokulia huku mnaijua mifereji ya Wameru, imekuwapo kabla ya mabomba. Maji yanagawanywa kwa zamu, na kila mtu anajua usiku wake. Mimi nimezaliwa palepale, nimeruka mfereji ule nikienda shule, na kwenye mchoro wangu haukuwamo. Lita 18,800 za usiku zilikuwa zimebaki 8,800. Kitalu cha mwisho kilikuwa cha yule mzee, na miche yake ya kabichi ilikuwa imenyauka yote. Alikuwa ameitegemea kwa ajili ya michango ya shule ya mjukuu wake.

Wanachuo wenzangu, hakuna mhadhiri aliyewahi kunisahihisha kama kitalu kile. Jioni kukawa na minong'ono. Watu wa chini wanataka bomba likatwe, watu wa juu wanasema tumeshachanga. Mwenyekiti akafungua muhtasari na kusoma ile sentensi yangu kwa sauti, pamoja na "Inj." yake. Halafu akaniuliza, "Sasa anayejibu hapa ni nani?"

Usiku ule nilitaka kurudi mjini kutoa kopi. Badala yake nilimpigia mhadhiri wetu mmoja, nikamweleza bila kuficha. Akaniunganisha na mama mmoja, mhandisi mtaalamu wa maji. Alikuja Jumamosi na buti zake. Hakuangalia matangi kwanza. Alisimama kwenye bomba la kufurikia, akanyoosha mkono kuelekea bondeni, akaniuliza: "Chini ya bomba hili kuna nani?" Nikamwambia sasa najua. Akasema, "Swali hili huwa linaulizwa kabla ya kununua tangi."

Akaongeza lingine. "Na haya maji unayoyaongeza, umeyapima?" Nikanyamaza. Sisi wa kuzunguka Mlima Meru tunajua habari ya floraidi, meno ya kahawia tunayaona tangu utotoni, na chemchemi mbili zinazokaribiana zinaweza kuwa na maji tofauti kabisa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kituo cha Ngurdoto, wilayani kwetu, kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mimi nilikuwa nimepima wingi wa maji na kusahau ubora wake. Tukapeleka sampuli maabara, na bahati nzuri maji yetu yalikuwa chini ya kiwango hicho. Lakini ni bahati tu. Sikustahili kujisifu.

Mkutano wa pili niliuitisha mimi, watu wa juu na wa chini pamoja. Nikasimama na kusema nilikosea, hesabu ilikuwa sahihi lakini sikumhesabu mtu aliye chini, na ile "Inj." sikuwa na haki nayo. Kulikuwa na ukimya, kisha mama mweka hazina akasema, "Haya, sasa tufanye kazi." Tukarudi kwenye desturi yenyewe ya mfereji, yaani zamu. Usiku tatu kwa wiki koki ya matangi mapya inafungwa na mfereji unapata maji yake kama zamani, usiku nne matangi yanajaa. Watu wa chini wakapewa kiti kwenye kamati, akakikalia yule mzee. Dada yangu alinikopesha pesa ya mbegu, nami nikabeba ndoo wiki mbili kumwagilia kitalu kipya. Deni la dada nililipa baadaye. La mzee sijui kama linalipika, ila siku hizi ananiita kijana wangu bila kukunja uso.

Sasa kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu wengi wenu mwaka huu mnamaliza, na mtaambiwa mjitolee ili mpate uongozi. Mimi nasema jitoleeni, lakini ulizeni maswali mawili. La kwanza ni la dada yangu: najifunza nini? Pasipo na mtu wa kukusahihisha, iwe ofisini kwenye chai au kijijini kwenye makofi, hujifunzi, na kijijini utaumiza watu. La pili ni la yule mama: chini ya bomba kuna nani?

Nafasi zipo, tena karibu kuliko tunavyofikiri. Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vimo kwenye sheria ya maji ya mwaka 2019, na vinahitaji watu wa kusoma dira, kutunza hesabu na kuandika muhtasari wa kweli. Taasisi ya Wahandisi Tanzania ipo tangu mwaka 1975, na humo utawapata wakubwa wa kukulea. Bodi inaandaa Siku ya Wahandisi kila mwaka. Nenda, usiende kupiga picha tu, tafuta msimamizi. Na pale Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, yupo Dkt. Askwar Hilonga, mtoto wa Gongali, Karatu, ambaye mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Alishinda kwa chujio la maji linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mnaona? Hata tuzo ilianza na swali la maji haya ni ya wapi, na anayeyanywa ni nani.

Mimi sasa nimesajiliwa kama mhandisi mhitimu, na yule mama ndiye msimamizi wangu. Bado ni katibu wa kamati, bado sina posho ya ukatibu. Kwenye kitabu changu cha kumbukumbu za mafunzo nilitaka kuanza na matangi yaliyopunguza foleni. Akakataa. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa mfereji, zamu za usiku, na maelezo ya miche iliyokauka na sababu yake. Aliusoma mpaka mwisho, akatia sahihi.

Kitongojini bado wananiita injinia. Nimewaambia bado miaka miwili. Mzee akasema sawa, atasubiri, ila usiku wa leo ni zamu yake, nisisahau koki.