Alaska, Nchi Inayofungua Mlango Miezi Sita

Kama watoto wako wanayo ramani ya dunia, waambie wailete mezani. Tazama pembe ya juu kabisa ya Amerika ya Kaskazini, upande wa magharibi. Nchi ile kubwa yenye mkia mrefu wa visiwa ndiyo Alaska. Ni jimbo la Marekani, lakini haikupakana na majimbo mengine, maana katikati imelala Kanada. Marekani waliinunua kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na mwaka 1959 ikafanywa jimbo kamili. Ukubwa wake wakaribia mara mbili ya Tanzania, lakini wakaaji wake hawafiki hata laki nane. Mahali pengi hapana kijiji wala njia: ni misitu, milima, barafu na wanyama tu.

Kila mwaka watu zaidi ya milioni moja huenda kuitazama nchi hiyo kwa merikebu. Pengine wajiuliza, yanihusu nini? Huenda una ndugu huko Marekani au Kanada, akuandikie siku moja kwamba njoo tusafiri pamoja. Huenda kijana wako amepata kazi jikoni mwa merikebu mojawapo. Na hata kama hutoki kijijini kwako, wewe mkulima unajua maana ya kungoja majira. Watu wa Alaska nao hungoja, ila wao hawangoji mvua. Wanangoja wageni.

Merikebu za wageni huanza kufika mwezi wa Aprili na huisha mwezi wa Oktoba. Miezi inayobaki ni ya theluji na giza. Katika mji wa Fairbanks, ulio katikati ya nchi, mwezi wa Juni jua hukaa angani karibu saa 22, na mwezi wa Desemba halitimizi hata saa 4. Kaskazini kabisa, huko Utqiagvik, jua likizama katikati ya Novemba halionekani tena mpaka Januari, yapata siku 65. Ndiyo maana mwenye kupanga safari ya Alaska huanza na kuuliza mwezi, kisha ndipo aulize nauli.

Mei ni mwezi mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Upande wa kusini, zinakopita merikebu, mvua ni chache kuliko miezi ya mwisho ya majira hayo, theluji bado inang'aa milimani, mbu hawajatoka, na bei haijapanda. Juni siku ni ndefu mno, hata mgeni husahau kulala. Julai kuna joto kidogo, na samaki aina ya samoni huacha bahari na kupanda mito ili watage mayai walikozaliwa. Dubu nao hushuka kuwavua kwa makucha. Lakini Julai ndipo watu husongamana, na mbu wa huko hawana huruma. Mwisho wa Agosti usiku wenye giza huanza kurudi, na huko Fairbanks waweza kuona ule mwangaza wa kijani unaocheza angani kama pazia lipeperushwalo na upepo. Septemba majani ya milimani huwa mekundu na bei hushuka, ila kusini mvua hunyesha kweli kweli. Mji wa Ketchikan hupata inchi 140 hivi za mvua kwa mwaka, na Dodoma haipati hata 25! Kama ningeulizwa mimi, ningechagua mwisho wa Mei. Nyangumi wamekwisha kurudi kutoka bahari ya Hawaii, wanakozalia, na miji bado ina nafasi ya kupumua.

Sasa sikiliza habari ya sheria moja ya zamani, maana msafiri asiyeijua hushangaa. Mwaka 1886 Marekani walitunga sheria kwamba merikebu ya kigeni isichukue abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kuwashusha katika bandari nyingine ya Marekani. Merikebu kubwa za wageni karibu zote zimeandikishwa katika nchi nyingine. Basi zitokazo Seattle kwenda Alaska lazima zitie nanga mahali fulani nje ya Marekani, na desturi ni Victoria, Kanada. Nyingine huanzia Vancouver moja kwa moja. Kwa hiyo mwenye pasi ya Kenya au ya Tanzania hutakiwa viza ya Kanada juu ya ile ya Marekani. Asipokuwa nayo huachwa gatini, ingawa amelipa nauli yote.

Sheria hiyohiyo ilileta shida kubwa hivi karibuni. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, merikebu zilisimamishwa, na Kanada ikafunga bandari zake kwa merikebu kubwa za wageni. Fikiri juu ya mji wa Skagway. Wakaaji wake ni kama 1,200 tu, na mwaka 2019 ulipokea wageni karibu milioni moja. Maduka, garimoshi la kupanda mlimani, mabasi, nyumba za chakula, vyote huishi mwaka mzima kwa fedha ya miezi hiyo michache. Kiangazi cha 2020 haikuja merikebu kubwa hata moja. Ikawa kama kijiji ambacho mvua imekataa kabisa. Baraza la mji liligawa fedha ya msaada ya serikali, dola 1,000 kwa mwezi kwa kila mkaaji, ili watu wasihame. Mwaka uliofuata Kanada ilikuwa bado imefunga, na bila Kanada sheria ya 1886 haikuruhusu safari. Ndipo mwezi wa Mei 2021 Marekani wakapitisha sheria ya muda ya kulegeza ile ya kale, na mwezi wa Julai merikebu zikaonekana tena.

Je, watu walifurahi? Walifurahi, lakini wengine walikuwa wameonja utulivu. Juneau ndio mji mkuu wa Alaska, nao hauna barabara ya kuufikia kutoka nje: huingii ila kwa chombo cha baharini au kwa ndege. Wakaaji ni kama 31,000. Mwaka 2023 walipokea wageni zaidi ya milioni 1.6, na siku nyingine wageni walioshuka walikuwa zaidi ya nusu ya hesabu ya wenyeji. Mama aliyetaka kununua mkate alisimama nyuma ya mstari wa watu wenye kamera, na helikopta zikawa hazinyamazi juu ya nyumba. Basi mji ukapatana na wenye merikebu kwamba tangu 2024 zisizidi tano kubwa kwa siku, kisha wakapatana pia juu ya hesabu ya abiria: 16,000 kwa siku, na Jumamosi 12,000, kuanzia mwaka 2026. Oktoba 2024 wakaaji walipiga kura juu ya shauri la kuzizuia kabisa merikebu kubwa siku za Jumamosi na tarehe 4 Julai. Walio wengi walikataa. Mimi siwalaumu. Ni vigumu kumfungia mlango mtu anayekuletea chakula, hata kama anakanyaga maua yako.

Mahali pazuri kuliko pote katika njia hiyo, kwa maoni yangu, ni Glacier Bay, yaani Ghuba ya Mito ya Barafu. Mwaka 1794 mabaharia wa Kiingereza waliotumwa na George Vancouver walipopita hapo walikuta ukuta wa barafu, na ghuba yenyewe ilikuwa kijishimo cha maili 5 hivi. John Muir, mpenda milima mashuhuri, alipofika mwaka 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya maili 30. Leo maji ya bahari yanaingia ndani yapata maili 65. Lakini kabla ya hao wote palikuwa bonde lenye watu. Watlingit wa Huna walikaa pale wakivua samoni, mpaka barafu ikasonga mbele ikawafukuza. Ilipoyeyuka walirudi kuvua, na baadaye serikali ilipopafanya hifadhi wakakatazwa mambo mengi waliyoyazoea. Mwaka 2016 walifungua nyumba ya ukoo mahali paitwapo Bartlett Cove, palepale katika nchi ya babu zao, nao walifika kwa mitumbwi. Mgeni akipata nafasi ya kushuka, aiingie nyumba hiyo kwa heshima. Kumbuka pia kwamba serikali huruhusu merikebu kubwa mbili tu kwa siku kuingia ghuba hiyo. Si kila safari hupita huko, hata kama picha za matangazo zinaonyesha barafu. Uliza kabla ya kulipa.

Wengine humaliza safari ya baharini wakapanda garimoshi kwenda bara, kuutazama mlima Denali, ambao serikali ya Marekani iliurudishia jina la McKinley mwaka 2025. Urefu wake ni futi 20,310, wapita Kilimanjaro kwa karibu futi elfu moja. Mara nyingi hujificha mawinguni siku nzima, kwa hiyo usipange kukaa siku moja tu. Njia ya ndani ya hifadhi ina maili 92, na mwaka 2021 mlima uliporomoka ukaikata karibu na maili ya 45, ikabidi daraja lijengwe.

Na asiye na fedha za merikebu ya anasa? Tangu mwaka 1963 jimbo la Alaska lina meli zake zinazochukua watu na magari kutoka mji hata mji, na nyingine hutoka Bellingham, huko huko Marekani. Hakuna muziki wala meza za karamu. Asiyelipia chumba hulala kwenye kiti, au hufunga hema lake juu ya sitaha kwa utepe imara wa gundi ili upepo usilichukue. Utakula pamoja na wavuvi, akina mama wanaorudi kutoka hospitali, na watoto wa shule wanaokwenda kucheza mpira katika mji wa pili. Meli hizo husafiri hata wakati wa theluji, ingawa si mara nyingi, maana abiria wake ni wenyeji, nao wana safari mwaka mzima.